Spika za dari nyumba mpya: fundi jipsamu anafunga Jumatatu, nichague zipi?

#1 Mjenzi wa Goba

Wakuu salaam,

Niko hatua za mwisho za kijumba changu huku Goba. Bati liko juu, lipu imeisha, waya za umeme zimeshapita na fundi jipsamu amemaliza kupiga mbao za dari. Jumatatu anaanza kupandisha bodi, ndiyo maana nakuja kwenu mbio mbio.

Miaka yote mimi ni mtu wa sabufa. Sasa mama watoto ameapa kwamba nyumba mpya sabufa haikanyagi. Hataki kuona waya umelala chini ya zulia, hataki mtoto avute kitu kimdondokee. Tukakubaliana spika ziende darini.

Sebule ni mita 6 kwa 4.5, dari mita 2.8 kutoka sakafuni, katikati kuna pangaboi. Imeungana na sehemu ya kulia chakula, mita 3 kwa 3. Nataka pia muziki kidogo jikoni na barazani.

Fundi umeme wangu amepiga hesabu hivi: spika 8 sebuleni, 2 kwenye meza ya chakula, 2 jikoni, 2 barazani, zote inchi 6.5, zote kwenye amplifaya moja. Kila spika imeandikwa wati 120. Amezipanga zifuate mistari ya taa ili zipendeze. Bajeti yangu ni milioni 2 na nusu, nikijikaza sana 3.

Matumizi yenyewe ni ya kawaida: kwaya Jumapili asubuhi, taarifa ya habari saa mbili usiku, mpira, bongo fleva wageni wakija, filamu mara moja moja.

Je, nane si nyingi? Nichukue za kampuni gani? Natanguliza shukrani.

#2 Kiti cha Mbele

Nimevuta kiti. Na mimi mwakani Mungu akipenda nafika hatua hiyo.

#3 Mzee wa Besi

Spika za dari ni za supamaketi na lobi za hoteli. Mwanaume sabufa. Mweleweshe shemeji taratibu.

#4 Fundi Kenchi

Mkuu Mjenzi, hongera kwa kufika hapo, si padogo. Kabla ya kampuni nijibu kitu kimoja: kuta za vyumba vyako zimeishia wapi? Zimepanda mpaka chini ya bati, au zimeishia kozi moja mbili juu ya linta?

Nauliza kwa sababu spika nyingi za dari hazina boksi. Igeuze uone: sumaku, waya, mgongo wa koni (ile sehemu inayotikisika), basi. Boksi lake ni uwazi wote ulioko kati ya jipsamu na bati. Sauti ya mbele inaingia sebuleni, na nyingine inatoka mgongoni, inatembea juu ya dari na kushuka kwenye chumba chochote kilichofunikwa na bodi nyembamba ileile. Nyumba zetu nyingi huko juu ni uwanja mmoja, kuanzia sebuleni hadi chumba cha mwisho.

Hili nilijifunza kwa aibu. Zamani kidogo nilimfungia jamaa yangu spika nne Kimara. Usiku tumekaa tunasikiliza kwa sauti ya chini, tunapeana tano, mama mkwe wake akatoka chumbani na kitenge begani. Akasimama mlangoni, akasema kwa upole kabisa: "Baba, huyu anayeimba humu chumbani kwangu naomba atoke, nataka kulala." Kesho yake nikapanda darini na tochi ya simu. Ukuta kati ya sebule na chumba cha mama umeishia usawa wa linta. Juu yake ungeweza kupitisha ng'ombe.

Kwa hiyo tuanze na dari. Spika utaibadilisha hata baada ya miaka kumi, ni skrubu chache tu. Bodi ikishapanda, ikapigwa skimu na rangi, hakuna fundi utakayemlipa akairudishe chini bila kuondoka na nusu ya rangi yako.

#5 Mjenzi wa Goba

Nimetoka kuchungulia sasa hivi. Zimeishia kozi mbili juu ya linta. Chumba cha watoto kiko mgongoni mwa ukuta wa TV. Nimeishiwa nguvu.

#6 Shangazi wa Tegeta

Usiishiwe nguvu kaka, bodi bado ziko chini. Sisi tuligundua wakati pazia limeshatundikwa. Mpaka leo mwanangu wa darasa la sita anajua taarifa ya habari yote na hajawahi kukaa sebuleni saa mbili.

#7 Fundi Kenchi

Pole mkuu, ila umewahi. Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kununua spika zenye kopo au boksi lake kwa nyuma. Zipo, bei inapanda, na nyingi zinaingia ndani zaidi, kwa hiyo pima nafasi kati ya bodi na mbao kabla hujalipa. Spika ya inchi 6.5 isiyo na kopo kwa kawaida inaingia sentimita 9 hadi 12. Yenye kopo inaweza kukugombanisha na kenchi.

Ya pili ni kupandisha ukuta wa chumba cha watoto mpaka bati. Hii ndiyo dawa kamili. Itakusaidia hata usipoweka spika, maana itazuia na maongezi. Lakini kwa wiki moja iliyobaki sikushauri, utagombana na kila fundi.

Ya tatu ndiyo ninayoifanya mara nyingi: kila spika ichongewe boksi la plaiwudi. La milimita 12, ndani sentimita 40 kwa 40, kimo 15. Hiyo ni lita 24, inatosha inchi 6.5. Maungio paka gundi na silikoni, pembeni toboa tundu la waya kisha lizibe, ndani tia pamba ya mto, ile ya nyuzinyuzi, ijae bila kushindiliwa. Boksi moja linakaribia kilo 3, na spika yenyewe inaongeza 2 au zaidi. Narudia: LIFUNGWE KWENYE MBAO, lisilale juu ya jipsamu. Mwambie fundi aongeze vipande viwili vya mbao kila tundu lilipo. Bodi haikutengenezwa ili ibebe mzigo unaotikisika.

Boksi halizuii kila kitu. Besi nzito itapenya, besi haina adabu. Lakini maneno ya mtangazaji hayatafika kwa watoto. Faida nyingine utaiona mvua za masika, skrubu ya bati ikianza kuvuja. Tone linadondokea plaiwudi badala ya koni. Vumbi na mende nao wanabaki nje.

#8 Panya Road wa Darini

Na sisi panya je? Hatujaombwa maoni?

#9 Fundi Kenchi

Hahaha, wewe ndiye adui namba moja. Waya zote zipite kwenye paipu, zile nyeupe za umeme za milimita 20, mpaka mlangoni mwa boksi. Waya ukilazwa wazi juu ya mbao panya atautafuna, na utaujua siku wageni wamekuja.

Tena paipu ya spika iwe yake peke yake. Isichangie na waya za umeme, hata fundi akikwambia nafasi ipo. Zikilazimika kukutana zivukane kama msalaba, zisitembee sambamba.

#10 Mjenzi wa Goba

Sawa mkuu, seremala nimeshampigia. Sasa idadi. Nane au?

#11 Fundi Kenchi

Nne. Tena nne hizo zinakutosha kabisa.

Fundi wako amepanga taa. Sauti ina hesabu yake. Chukulia spika inamwaga sauti kwa pembe ya nyuzi 90, kama mwanga wa tochi unaotanuka kadiri unavyoshuka. Masikio ya mtu aliyekaa kwenye kochi yako kama mita 1 kutoka sakafuni, dari yako 2.8, tofauti mita 1.8. Kwa pembe hiyo duara la sauti likifika masikioni lina upana mara mbili ya hiyo 1.8, yaani mita 3.6. Sebule yako ni 6 kwa 4.5. Weka mbili kila upande, mita 1.5 kutoka ukuta mfupi na kama 1.1 kutoka ukuta mrefu. Zitaachana mita 3 kwa urefu na 2.3 hivi kwa upana. Maduara yanapandana, hakuna kochi lenye njaa.

Ukiweka nane, kila mtu anasikia wimbo uleule kutoka spika tatu kwa nyakati zinazopishana kidogo sana. Hupati sauti zaidi, unapata ukungu. Maneno ya kwaya yanakuwa kama yanatoka kwenye debe.

Usiisogeze spika kwenye kona eti ipendeze. Kona inavimbisha besi, halafu anayekaa katikati hapati kitu. Na pangaboi! La inchi 56 linafagia duara la mita 1.4. Spika ikikaa juu ya mapanga au pembezoni yake, sauti inakatwakatwa na inakuja inatetemeka, kama ulivyokuwa ukiimba mbele ya feni utotoni. Kwa vipimo nilivyokupa utakuwa mbali nalo.

Meza ya chakula weka mbili au hata moja. Jikoni moja. Kuna spika za dari zenye twita mbili (vile vispika vidogo vya sauti za juu) na koili mbili, moja inapokea kushoto na kulia kwa pamoja. Zimetengenezwa kwa ajili ya jikoni, bafu na korido. Baraza ina mambo yake, nitarudi.

#12 Kijana wa Sinza

Mkuu samahani naingilia. Ukishatoboa dari si bora uende Dolby Atmos moja kwa moja, ule mfumo wa sauti ya sinema inayotoka hadi juu yako? Mimi ninayo 5.1.2, yaani spika tano za kawaida, sabufa moja na mbili za darini, helikopta inapita juu ya kichwa kweli kweli.

#13 Mzee wa Besi

Helikopta ya nini na mtu kasema anasikiliza kwaya?

#14 Fundi Kenchi

Mzee mwache kijana, swali ni zuri.

Mjenzi, hapa ndipo wengi wanachanganya. Kuna spika za dari za kusikilizia muziki nyumba nzima, na kuna spika za dari za sinema. Spika inaweza kuwa ileile, kazi na mahali vinatofautiana. Dolby walileta Atmos kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, majumbani ikafika 2014. Ndani ya Atmos zile za darini ni wasaidizi: mvua, ndege, mwangwi. Zile tano za mwanzo zinatakiwa zikae usawa wa masikio, mbele na pembeni yako, kwa sababu huko ndiko macho yanakoangalia.

Sasa ukiweka za darini peke yake halafu ukawasha taarifa ya habari, mtangazaji yuko ukutani anachezesha midomo na sauti inatoka kwenye pangaboi. Siku mbili za kwanza unacheka. Wiki ya pili inachosha, hujui hata kwa nini kichwa kinauma.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa TV: chini ya skrini weka spika ndefu ya mlalo, ile sauti baa, au spika mbili ndogo za rafu. Maneno yatoke kule ulikoangalia. Zile nne za dari ziwe za muziki. Kama baadaye utataka Atmos ya 5.1.4, pima hivi: tofauti ya masikio na dari ni 1.8, kwa pembe ya nyuzi 45 spika za mbele zinakaa mita 1.8 mbele ya kochi kuu na za nyuma mita 1.8 nyuma yake. Kochi lako likikaa katikati ya chumba, matundu ya 1.5 kutoka ukuta yako mbele na nyuma kwa mita 1.5 hivi. Haijalingana kamili, lakini iko karibu, na twita za kugeuzwa zitakusaidia. Pitisha waya wa kila spika peke yake mpaka kwenye kabati la TV, usiziunganishe darini. Ukifanya hivyo leo, kesho ukinunua resiva, yaani amplifaya ya sinema ya nyumbani, hutoboi kitu.

#15 Mjenzi wa Goba

Mkuu hii imeniingia kabisa. Sauti kutoka kwenye pangaboi, hahaha. Je wati? 120 mara nne ni 480, amplifaya ya wati 480 nitaipata wapi?

#16 Fundi Kenchi

Usijumlishe hivyo. Wati zilizoandikwa kwenye spika ni kiasi inachovumilia. Haina maana inazihitaji, wala kwamba ndivyo itakavyopiga. Ni kama gunia lililoandikwa kilo 100, huna lazima ya kulijaza.

Angalia namba nyingine inayofichwa nyuma ya boksi: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1 kwa mita 1. Inaitwa unyeti. Spika ya desibeli 90 ukiipa wati moja tu, mita 2 mbali inakupa kama 84. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Wati MOJA hiyo. Ukiipa wati 10 zinaongezeka desibeli 10, hapo mnaanza kuongea kwa kupiga kelele. Ili upande desibeli 3 tu unahitaji wati mara mbili. Kwa hiyo spika ya 90 na amplifaya ya wati 30 inaipita kwa sauti spika ya 86 yenye wati 60, na wewe umelipa kidogo. Ila uwe macho: wengine hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha upinzani wa spika kwa umeme) hiyo ni wati 1, kwa ya omu 4 ni wati 2, namba inapendeza bure.

Na ukikuta neno PMPO, zile wati za kupamba boksi, funga boksi, rudisha, aga kwa adabu. Tafuta RMS, wati ambazo amplifaya inatoa kweli mfululizo. Amplifaya ya wati 50 RMS kila upande inakutosha wewe na majirani wa pande zote nne.

Kitakachokuunguzia vitu ni omu. Fundi wako alitaka spika zote 14 kwenye amplifaya moja. Hata zile nane za sebuleni peke yake ni nne kila upande. Spika nne za omu 8 zikiungwa sambamba ni omu 2. Geuza amplifaya usome nyuma: nyingi za nyumbani zinakubali kuanzia omu 4 au 6. Omu 2 ni kama kumwambia mtu avute gari la mizigo kwa kamba. Itavuta kidogo, itachemka, itajizima, siku moja haitawaka. Mbili kila upande ni omu 4, hakikisha yako inaruhusu. Jikoni na baraza zipe amplifaya ndogo ya pili, au kifaa cha kuchagulia spika kinacholinda omu. Usichomeke tu kila waya kwenye tundu lilelile.

#17 Bin Shangani

Assalaam aleykum. Mie nipo Unguja, kazi yangu ni kufunga spika za misikiti na maduka. Nina neno moja kwa ndugu yetu wa Goba.

Ukienda dukani angalia sana usije ukapewa spika za laini ya volti 100. Kwa sura ni zilezile, duara jeupe la wavu. Nyuma yake zina transfoma ndogo na waya zenye rangi, zimeandikwa wati 3, wati 6, wati 10. Hizo ndizo za misikitini na mahotelini. Zimetengenezewa waya mrefu na spika nyingi: unajumlisha wati tu. Spika kumi za wati 6 ni 60, unatafuta amplifaya ya volti 100 yenye wati 75 au 80 ili ipumue, kazi imekwisha. Omu hazikushughulishi.

Lakini ukiichomeka hiyo kwenye amplifaya ya nyumbani, itanong'ona tu. Na ukiichomeka spika ya omu 8 kwenye laini ya volti 100, utaivuta harufu yake kabla hujaisikia sauti. Nishaletewa maiti nyingi za namna hiyo.

Kwa nyumba, baraza na jikoni mie ningeweka laini ya volti 100, maana ni kusikiliza kisomo asubuhi na redio. Transfoma ndogo zinapunguza besi, lakini sauti ya msomaji inatoka safi. Sebuleni mwache fundi Kenchi aendelee.

#18 Fundi Kenchi

Waaleykum salaam sheikh. Umenena. Hilo la kuchanganya aina mbili Kariakoo linatokea kila siku, na si lazima muuzaji awe na nia mbaya, wengine hawajui.

#19 Mswahili wa Nyali

Wapendwa, hapa Mombasa tatizo letu ni chumvi. Barazani niliweka za kawaida, mwaka wa pili wavu wa chuma ukaanza kutoa machozi ya kutu kwenye dari jeupe. Nikabadilisha, nikachukua zenye wavu wa aluminiamu na zilizoandikwa kwamba zinastahimili unyevu. Goba hamko ufuoni lakini joto la chini ya mabati ni lilelile. Tazama ukingo wa koni: ukiwa wa mpira chukua, ukiwa wa sponji acha. Sponji kwa joto na unyevu wa pwani inageuka unga, unaigusa inabaki kidoleni.

#20 Fundi Kenchi

Ndilo nililotaka kurudi kuliongelea, umenipunguzia kazi. Mjenzi, ukifika dukani usiridhike na picha ya boksi. Omba itolewe, ishike, bonyeza ukingo kwa kidole. Geuza twita uone kama inaelekezeka. Jaribu zile kucha tatu au nne za plastiki zinazofunguka ukikaza skrubu na kuibana bodi. Zikiwa laini kama kifuniko cha chupa, achana nazo, zitakatika ukiwa juu ya ngazi.

Uliniuliza kampuni. Nimeshafunga Yamaha, JBL, Polk, Klipsch na nyingine zisizo na jina, nyumba nyingi, na sijaona mtu aliyelia kwa sababu ya jina. Waliolia wote walilia kwa sababu ya dari, omu au waya. Kwa bajeti yako chukua jozi mbili za daraja la kati zenye karatasi ya vipimo kamili, badala ya jozi saba za mkupuo. Ikibaki hela, ongeza sabufa. Ndiyo Mzee wa Besi, umesikia vizuri. Inchi 6.5 ya darini ikishuka chini ya hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde, huko kwenye besi nzito) inajidai tu. Sabufa moja ndogo nyuma ya kochi, ianzie hezi 80 kushuka chini, spika za dari zibaki na za juu yake. Zitapumua, dari halitatetemeka.

#21 Mzee wa Besi

Nilisema mimi. Tatizo humu hamheshimu wazee.

#22 Shangazi wa Tegeta

Kaka Mjenzi, mwambie wifi hiyo sabufa inakaa nyuma ya kochi haionekani, na waya unapita kwenye paipu ukutani. Atakubali. Na wavu wa spika unapakwa rangi ya dari, ila muutoe kwanza mpulize rangi nyepesi. Wangu alipaka kwa brashi, matundu yakaziba, tukawa tunasikiliza redio iliyovaa barakoa.

#23 Kiti cha Mbele

Waya je? Milimita ngapi?

#24 Fundi Kenchi

Mpaka mita 15, waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa omu 8. Kwenda na kurudi ni mita 30 za shaba, upinzani kama omu 0.36, haujafika asilimia 5 ya hizo omu 8. Ukizidi hapo au spika ni za omu 4, weka 2.5. Chukua wembe ukwangue: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Upinzani wake ni kama mara moja na nusu, na ukiukunja mara tatu unakatika.

Acha kwenye kila tundu waya wa ziada wa mita moja. Halafu kabla bodi hazijapanda piga picha dari zima na futi ikiwa imenyooshwa kutoka ukutani. Hizo picha ni dhahabu.

#25 Mjenzi wa Goba

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu.

Fundi jipsamu alinuna siku mbili nilipomsimamisha, nikamwongezea ya soda. Seremala alichonga maboksi manne, tukayafunga kwenye mbao. Spika nne sebuleni, moja yenye twita mbili jikoni. Meza ya chakula nimeacha waya tu. Baraza nimefuata ushauri wa sheikh.

Juzi tukawasha. Sauti safi, watoto wamelala. Lakini wimbo ukifika sehemu fulani kuna kitu kinalia "zzzz" upande wa dirishani. Nimebadilisha spika, bado. Nimepumbazika.

#26 Fundi Kenchi

Spika haina kosa. Weka kwenye simu programu ya kupiga mlio mmoja, anza hezi 60 panda polepole. Ukifika pale panapolia acha hapohapo, chukua fagio, kwa mpini bonyeza dari taratibu sehemu moja moja. Bonyeza na taa.

#27 Mjenzi wa Goba

MKUU. Hezi 110. Ni taa ya pili kutoka dirishani! Ile springi yake ya kubania bodi ilikuwa imelegea, inagonga. Nimeitia kipande cha sponji, kimya. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu muuzaji.

#28 Kiti cha Mbele

Hongera mkuu. Sisi wa dari la plastiki, yale mapaneli ya PVC, tunafanyaje? Si yatalia yote?

#29 Fundi Kenchi

Yatalia. Kila spika kata duara la plaiwudi pana kuliko tundu kwa sentimita 10 kila upande, liweke juu ya PVC, ulifunge kwenye mbao, kucha za spika zibane plaiwudi. PVC iwe pambo tu, isibebe kitu.

#30 Shangazi wa Tegeta

Mjenzi, wifi anasemaje?

#31 Mjenzi wa Goba

Anasema ya jikoni sauti ni ndogo, anataka ya pili. Waya niliacha mmoja tu.

#32 Panya Road wa Darini

Nipigie, napanda kuupitisha. Malipo ni karanga.